Arobaini ya Goti

Nianze na jambo ambalo nyumbani kwetu hawapendi nilitaje mbele ya wageni: sijazaa. Nina miaka thelathini na nane, kazi yangu ni kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, na jioni nne za kila juma nanyanyua vyuma. Nalitaja kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini shangazi yangu, dada ya baba, alipovuka mto kutoka Lubunga kuja kuniuguza baada ya kupasuliwa, alishuka na sufuria kubwa ya kuchemshia maji, furushi la majani, na kitambaa kirefu cha kufungia tumbo. Tumbo langu halikuwa na neno lolote. Kilichopasuliwa ni goti.

Shangazi ni mkandaji. Mwanamke wa mtaani kwake akijifungua, yeye ndiye anayeitwa. Siku arobaini humkanda mzazi kwa maji ya moto, humfunga tumbo, humlisha uji, humkataza ufagio na ndoo. Amekanda akina mama, na baadaye amewakanda mabinti wa akina mama hao. Mimi alinilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka sita, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Amengoja miaka ishirini apate kunikanda. Nilipotoka hospitali nimeshikiliwa huku na huku, sidhani kama aliona goti. Aliona mzazi.

Usianze kunihurumia wala kumhurumia yeye. Kwa majuma sita ya kwanza mimi sikumhurumia mtu. Nilikuwa na hasira tangu asubuhi hadi ninapolala, na hasira hiyo ilikuwa na sababu.

Tulikuwa tukifanyia mazoezi nyuma ya gereji moja, chini ya mabati yenye matundu. Chuma chetu ni ekseli ya gari, na uzito wake ni magurudumu ya meno yaliyotolewa kwenye malori, pamoja na vikopo vya rangi vilivyojazwa saruji. Wanaume walikuwa kumi na tano, wanawake watatu, na kocha mmoja mzee asiyependa maneno. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Mtu mmoja alisema tufute sakafu, mwingine akasema imekwisha kukauka. Nami nikamwamini huyo wa pili kwa sababu nilikuwa na haraka. Nilipandisha kilo sabini juu ya kichwa, nikatupa mguu mmoja mbele kama nilivyofanya mara elfu, nao ukateleza kwenye maji. Mwili uligeuka, goti halikugeuka. Nilisikia mlio ndani yangu, mlio mkavu, na kabla sijafika chini nilijua.

Kano la katikati ya goti lilikuwa limekatika na gegedu limepasuka. Daktari alichukua uzi wa kano nyuma ya paja langu, akaupitisha ndani ya goti, akaufunga mahali pa lile lililokufa. Alinieleza yote kwa kuchora nyuma ya bahasha. Kisha akaniambia neno lililonikaa kichwani kuliko mchoro wake. Kukunja goti si shida, alisema, litakunjika tu siku moja. Shida ni kulinyoosha. Baada ya majuma kumi ningerudi kwake, nilale chali, naye angepitisha kiganja chini ya goti langu. Kiganja kikipita, maana yake mguu haujanyooka, na atalazimika kulifungua tena. Goti lililofunguliwa mara mbili, alisema, hutembea, lakini halibebi.

Basi hilo ndilo lilikuwa jambo langu. Majuma kumi, na kiganja cha mtu.

Watu husema, kwani vyuma ni nini, mama mzima, tafuta mchezo mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi ofisini naandika watoto. Baba huja na karatasi ya hospitali, ninaandika jina la mtoto, la baba, la mama, napiga muhuri, anayefuata. Kila siku, watoto wa watu. Na karibu kila juma mmoja wa akina baba huniuliza kwa upole, na wako, maman, wako wangapi? Nikiwa na chuma mikononi hakuna anayeniuliza. Wanauliza tu, leo ngapi? Na leo ngapi nina jibu lake.

Vita vya nyumbani vilianza siku ya pili. Mtaalamu wa kunyoosha viungo, ambaye kila mtu mjini humwita kiné, ni kijana mwembamba mwenye sauti ya padri na vidole vya fundi wa magari. Aliagiza barafu, mara nne kwa siku, dakika kumi na tano. Shangazi alisikia neno barafu akasimama.

"Baridi ku kidonda? Mutoto yangu, weye umetoka kupasuliwa, mifupa yako yote iko wazi. Baridi itaingia mule, haitatoka tena."

"Shangazi, si mifupa yote. Ni goti moja."

"Mwili ni moja," akasema, akaenda kuwasha makaa.

Barafu yenyewe kuipata ni kazi. Umeme ulikuwa ukija na kuondoka utakavyo. Nikawa natuma mtu sokoni kwa wauza samaki wa baridi, aniletee pakiti ya mpiodi walioganda. Naifunga kwa taulo, naiweka gotini, na nyumba nzima inanuka bandari. Zikiisha dakika zangu, shangazi aliwachukua samaki wale bila kusema neno, akawakaanga, akanitengea na lituma, ndizi za kupondwa. Kwa mwezi mmoja na nusu nilikula mpiodi waliolala kwanza kwenye goti langu. Leo nikiwaona sokoni napita upande wa pili.

Tulifikia mapatano. Goti lisiguswe na maji ya moto. Mwili uliobaki ni wake. Kila siku baada ya chakula cha mchana alinilaza kwenye mkeka, akachovya kitambaa kwenye maji ya majani, akakikamua, akanikanda mabega, mgongo, kiuno na, ndiyo, tumbo. Nilibishana juu ya tumbo siku tatu, nikachoka. Alinifunga kile kitambaa kirefu hadi nikawa nahema kama mtu aliyekimbia. Wageni walioingia walinikuta nimefungwa tumbo, natoka jasho, nanukia majani, na kikombe cha uji wa mchele pembeni. Mama mmoja jirani, mtu mzima mwenye akili zake, aliuliza mtoto ni wa kike au wa kiume.

Wageni! Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, jambo zuri kabisa kwa mgonjwa anayetaka kulala. Mimi nilikuwa na mazoezi mara tano kwa siku na kila zoezi lilikatizwa na hodi. Wenzangu wa ofisini walikuja sita pamoja, wakakaa saa tatu. Kila mmoja alikuwa na mjomba aliyewahi kuumia goti, na wajomba wote walikuwa wamepona kwa dawa tofauti. Mmoja alisema nipake mafuta ya chatu. Mwingine akasema ni mtu wa pale gereji aliyenionea wivu. Wote walimaliza kwa haraka haraka haina baraka, nami nikawa natabasamu hadi taya likauma. Nilipojaribu kunyanyuka niwaletee maji, shangazi alinirudisha chini kwa jicho tu.

"Muzazi hasimamie wageni," akasema.

Hakuna aliyecheka. Wote waliona ni sawa.

Tatizo la kweli, hata hivyo, halikuwa barafu wala wageni. Lilikuwa kikwembe, yaani kitenge. Goti lililotoka kupasuliwa huuma likinyooka, na hupata raha likikunjwa kidogo. Kiné alikuwa amenikataza tangu siku ya kwanza: hakuna mto chini ya goti, hata kitambaa. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie hewani lijivute lenyewe kwenda chini. Inauma sana. Shangazi alikuwa hawezi kuliangalia jambo hilo. Alikuwa akinikuta nimeuma meno, kisigino juu, naye anakuja na kikwembe kilichokunjwa vizuri, anakiingiza chini ya goti, anapapasa, anasema, voilà. Mimi nakitoa. Akienda na kurudi, anakirudisha. Siku moja nilihesabu mara kumi na moja.

Nikamshtaki kwa kiné. Mwisho wa juma la tatu alikuja nyumbani mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa chini mbele ya shangazi kama mkwe.

"Maman," akasema, "goti ikiwekewa kintu chini, inasikia raha. Ikizoea ile raha, inakauka vile vile. Itabakia ya kukunjama. Docteur atamupasua tena. Na kubeba vyuma, alors, iko fini. Apana tena."

"Kubeba vyuma iko fini," shangazi akarudia.

"Oui, maman. Fini kabisa."

"Nimesikia," akasema. Akamletea chai.

Tangu siku hiyo sikukiona tena kikwembe. Nilifikiri nimeshinda, nikajisifu hata kwa kocha alipokuja kunitazama. Mtu mzima anaelewa akielezwa vizuri, nilimwambia. Kocha aliguna.

Mara tatu kwa juma nilienda kwa kiné kwa toleka, ile baiskeli yetu ya kubeba abiria, nimekaa upande na magongo yamelala mapajani. Dereva alikuwa yuleyule kila siku, na kila siku alinisifu kwa wenzake njia nzima, eti amebeba mwanamke anayebeba wanaume wawili. Kiné alinilaza kwenye kitanda chake, akatoa kipimo cha plastiki, akakipanga pembeni ya goti. Juma la nne, kipimo kilisema bado kidogo. Juma la tano kilisema palepale. Katikati ya juma la sita kikasema nimerudi nyuma.

"Championne," akasema kwa sauti yake ya padri, "weye unanidanganya. Ku nyumba haufanye mazoezi."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikuwa nafanya mara tano kwa siku! Nilikuwa nalia kwenye taulo ili majirani wasisikie! Miaka kumi na mbili nimefanya mazoezi, hakuna aliyewahi kuniita mvivu, na sasa kijana ambaye hawezi kunyanyua hata mfuko wa saruji ananiambia nadanganya. Alingoja nimalize. Kisha akasema kwamba goti halisemi uongo, akaandika kwenye karatasi yake, na nikaona alichoandika: amwone daktari mapema.

Nilirudi nyumbani na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ya kuanguka. Nilijua hesabu za mwili wangu. Nikipumzika vya kutosha na kula vya kutosha na kufanya kazi ya kutosha, mwili hujibu. Mara hii nilifanya kila kitu na mwili ukakataa, na sikuwa na mtu wa kumlaumu ila mwenyewe. Nikaanza kusema moyoni kwamba labda wale waliosema umri umepita walisema kweli. Nililichukia goti langu kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyetoka.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, shangazi alinikanda kama kawaida. Nitasema kweli ingawa sipendi: hakuna mikono kama ile. Akifika kiunoni mtu husahau jina lake. Nililala usingizi mzito, kama nilivyolala kila mchana kwa zaidi ya mwezi, saa mbili au tatu bila kugeuka. Lakini siku hiyo mvua ilishuka ghafla juu ya mabati, mvua ya kwetu isiyobisha hodi, nikashtuka kabla ya wakati wangu.

Mguu wangu ulikuwa juu. Chini ya goti palikuwa na vikwembe vitatu vilivyoviringwa pamoja na kufungwa kwa kamba, vinene kama paja la mtoto. Shangazi alikuwa amekaa kando yangu na tasbihi mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa juu ya goti, umelala pale kwa upole, kama anayemtuliza mtu.

Hakushtuka. Hakuuondoa mkono.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Ukikaribia kuamuka, natosha, naficha."

"Ulimsikia kiné. Ulisema umesikia."

"Nilisikia vizuri," akasema. "Alisema muguu ikibakia ya kukunjama, hautabeba tena. Mi nikasema, bon. Ibakie vile. Kidogo tu. Utatembea, utaenda ku kazi, utapika. Ni kubeba tu ndiyo itakufa."

Sijawahi kumpandishia sauti mtu aliyenilea. Kwetu jambo hilo halipo. Siku ile lilikuwepo. Nilimwambia kwamba ameniibia majuma matatu, kwamba nimelia kila siku kwa ajili ya kitu alichokuwa anakiharibu kila mchana akiwa na uradi kinywani. Nilimwambia mimi si mzazi, sikuzaa, sitazaa, hakuna arobaini hapa, hakuna tumbo hapa. Nikakifungua kile kitambaa cha tumbo, nikakitupa kwenye sufuria ya maji. Nikamwambia arudi Lubunga.

Akainuka, akakusanya majani yake, akakamua kitambaa, akavaa kandambili. Akafungua mlango. Mvua ilikuwa nyeupe, barabara haionekani, na hakuna mtumbwi ambao ungevuka mto katika hali ile. Akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda karibu nao, furushi magotini. Mimi nilikuwa mkekani, magongo yako mbali, siwezi kutoka. Chumba ni kimoja. Tukakaa hivyo, mimi nikitazama ukuta na yeye akitazama mlango, kwa muda ambao ungetosha kupika maharagwe.

Nilianza mimi, kwa sababu sijui kunyamaza.

"Na wewe ulibeba nini maisha yako yote?" nikamwambia. "Mihogo, makaa, magunia kutoka shambani hadi mtoni, kichwani. Nani alikuwekea vikwembe?"

"Mi nilikuwa nabeba juu ya njaa," akasema. "Nabeba, napeleka fasi ingine, nauzisha, tunakula. Weye unabeba, unarudisha chini. Fasi ile ile! Unabeba, unarudisha. Nilikuya siku moja kuangalia, nikasema, ni nani anamutuma huyu mutoto?"

Ningecheka kama nisingekuwa na hasira. Sikujua kwamba aliwahi kuja kutazama.

Akalisogeza furushi magotini. Kisha akasema, bado akitazama mlango:

"Ile siku banapiga simu. Mutu moja anasema, maman, kuya mbio, chuma imemuangukia. Simu inakatika. Hakusema ku muguu. Napiga, haipite. Napiga, haipite. Nikaingia mu pirogue. Mu maji yote ile, nilikuwa nawaza nakuya kuchukua maiti. Nilikuwa nauliza mu moyo, sanda nitapata wapi."

Mvua iliendelea. Nilijua nani alipiga simu hiyo: kocha, yule asiyependa maneno. Nilijua pia kwamba mtumbwi wa Lubunga huchukua muda wake, husubiri ujae, na mwenye kupiga kasia hana habari na haraka ya mtu. Wakati huo mimi nilikuwa nimekaa kwenye tairi pale gereji, nimeshika goti, natukana sakafu. Majuma sita nimekaa naye chumba kimoja, hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza jinsi alivyofika siku ile ya kuanguka.

Hasira yangu haikuisha. Nataka hilo lieleweke, maana watu hupenda kusikia kwamba hasira iliisha. Ilikaa palepale, ila sasa haikuwa peke yake. Nilimwambia, kwa sauti ya kawaida, kwamba yamebaki majuma manne, na kwamba kiné amesema goti langu linahitaji mikono inayolisukuma chini kila siku, mara nyingi, mikono yenye nguvu isiyoogopa kelele. Mwenyewe sifiki vizuri. Kiné ana wagonjwa wengine.

"Docteur atalifungua tena kama halikunyooka," nikasema. "Kisu tena, shangazi."

Aliuliza swali moja tu.

"Nikikusukuma, ikinyooka, utarudia kule ku vyuma?"

Ningeweza kudanganya. Ilikuwa rahisi, ningesema tutaona, au Mungu akipenda, na yeye angefurahi.

"Nitarudia," nikasema.

Nikaona midomo yake inacheza. Kisha akaliweka furushi chini, akaja, akavuta vile vikwembe vitatu kutoka chini ya goti langu, akavisukuma chini ya kisigino.

"Lala basi," akasema.

Sitaeleza kila siku ya majuma manne yale. Kiné alikuja kumfundisha mahali pa kuweka viganja, kimoja juu ya pia ya goti na kingine chini yake, na jinsi ya kuongeza uzito polepole bila kuruka. Alimfundisha mara moja tu. Alitaka ahesabu hadi sitini. Shangazi hahesabu, alisoma uradi wake, tena kwa utaratibu, na kiné alipotazama saa alikuta uradi ni mrefu kuliko dakika moja, akasema sawa, hata vizuri zaidi. Mimi sikusema ni vizuri zaidi. Nilipiga kelele. Nilimtukana kiné, daktari, gereji, na aliyesema sakafu imekauka. Shangazi alisukuma huku machozi yanamshuka hadi kidevuni, hafuti kwa sababu mikono ina kazi, na hakuinua viganja hata mara moja kabla uradi haujaisha. Nilipomwomba aache, alisema, "Bado." Nilipomwomba kwa jina la marehemu mama yangu, alisema, "Huyo naye angesukuma."

Arobaini ilipita katikati ya mambo hayo na hakuna aliyeitaja. Kitambaa cha tumbo alikikausha, akakikunja, akakitia kwenye furushi. Uji uliendelea. Kuhusu uji nilishindwa.

Siku ya daktari alivaa vikwembe vyake vya sikukuu, akapanda toleka yake nyuma ya toleka yangu. Daktari alitaka aingie mgonjwa peke yake, naye akaingia kama hakusikia. Nikalala chali. Sikumtazama daktari, nilitazama dari. Nilisikia kiganja chake kikija upande wa goti, kikagonga, kikajaribu kutoka upande wa pili, kikagonga. Akachuchumaa, akaangalia kwa jicho kama fundi anayeangalia ubao.

"Iko droit, imenyooka," akasema. "Hatufungue tena."

Nililia mbele ya mgeni, jambo ninalolichukia. Daktari akarudi mezani, akaanza kuandika: miezi mingine mitatu ya mazoezi ya paja, ngazi, baiskeli. Baada ya hapo, ikiwa kiné ataridhika, nianze na uzito mdogo.

"Muzito mudogo ni kilo ngapi?" shangazi akauliza. Ilikuwa sauti yake ya kwanza mle ndani.

"Makumi mbili, maman. Ya kuanzia."

"Makumi mbili mingi, docteur. Andika kumi."

"Maman, huyu anabebaka makumi saba."

"Andika kumi," akasema. Alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Nakuomba. Niko na huyu moja tu."

Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi. Akakata ishirini kwa kalamu, akaandika kumi na tano. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu hizo kumi na tano. Nikanyamaza, na karatasi ilipotolewa, nikamwachia shangazi aipokee yeye.